Laptopu ya biashara inanguruma na kukwama? Jua kwanza inamfanyia nani kazi

Leo tunaiweka simu kando kidogo, tuzungumzie laptopu ile unayofungulia hesabu za biashara jioni. Wengi wenu mnaolipwa kwa till mnaijua kazi yenyewe: kupakua taarifa ya mwezi, kuilinganisha na daftari, kutuma oda kwa msambazaji, kisha kulala. Sasa siku laptopu inapoanza kunguruma na kukwama, kazi ya nusu saa inakula usiku mzima. Na wakati mwingine kukwama huko ni dalili kwamba kuna mtu mwingine ndani, karibu sana na pesa zako.

Kilichotokea dukani Ukunda

Shangazi yangu anauza vikoi, leso na mikeka hapa Ukunda, mwendo mfupi tu kutoka hoteli za Diani. Mwisho wa mwezi mmoja nilipita dukani kumjulia hali.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Afadhali umekuja. Hii laptopu imenishinda. Inanguruma kama boti ya Shimoni, na mimi hata sijafungua kitu."

Jirani alikuwa ameshamshauri anunue nyingine. Fundi alikuwa amemwambia ni uzee tu, aongeze RAM. Ushauri wote huo ulikuwa wa kutoa pesa. Kabla hajatoa hata shilingi, nilibonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, Ctrl, Shift na Esc, ili tuone ni kitu gani kinachokula nguvu. Dirisha lilipofunguka, baada ya muda mfupi feni ikanyamaza.

"Ushaitengeneza?" akauliza.

Nikalifunga dirisha. Haikupita dakika mbili, feni ikaanza tena. Tukarudia mara tatu, na mara zote tatu ikawa vile vile. Hapo nikajua si uzee. Kompyuta iliyochoka kwa uzee haiogopi kuangaliwa.

Nitakueleza tulichokikuta, lakini kwanza tujifunze namna ya kukitafuta. Hatua zifuatazo ni za laptopu za Windows, maana ndizo wengi wetu tunazotumia.

Prosesa kujaa maana yake nini?

Prosesa ndiyo inayofanya kazi zote za kompyuta. Ifikirie kama mpishi mmoja kwenye mgahawa. Ile asilimia unayoiona inakwambia mpishi ameshikwa kwa kiasi gani. Ukifungua programu nzito, asilimia ikapanda hadi 100 kwa muda mfupi kisha ikashuka, hilo ni jambo la kawaida. Mpishi amepokea oda, ameipika, amemaliza.

Tatizo ni pale mgahawa ukiwa mtupu, hakuna mteja hata mmoja, lakini mpishi anatoka jasho tangu asubuhi. Ni lazima kuna aliyetoa oda. Kwa hivyo swali si "nitaiongezaje kasi?" Swali ni "nani ametoa oda?" Majibu yanayopatikana mara nyingi ni manne: wewe mwenyewe, Windows yenyewe, joto, au mwizi. Tuyachukue moja moja.

Hatua ya 1: Ipime ikiwa haina kazi

Washa laptopu, usifungue chochote, usubiri dakika 10 hadi 15. Windows ikiamka huwa na shughuli zake, usiihukumu mapema. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha liitwalo Task Manager. Likija dogo, bofya "More details". Nenda "Processes", halafu bofya neno "CPU" lililo juu ya safu yake, ili walaji wakubwa waje juu.

Laptopu iliyotulia kwa kawaida huwa chini ya asilimia 10 hivi. Ikiwa yako imekaa 70, 80 au 90 na hujafungua kitu, endelea na somo.

Lakini hapo hapo angalia safu mbili za jirani. Ikiwa CPU iko chini na "Disk" imekwama kwenye 100, shida yako si prosesa. Mara nyingi ni diski ya zamani, ile ya kuzunguka, na kuibadilisha kwa SSD ndiyo dawa. Ikiwa "Memory" iko juu ya 90, hapo ndipo RAM inapohusika, hasa kama laptopu ya mtumba ilikuja na GB 4 tu. Dakika hizi tano zinaweza kukuokoa usinunue RAM wakati kinachoumwa ni diski.

Hatua ya 2: Soma majina yaliyo juu

Sasa tazama ni jina gani linalokula zaidi.

Ukiona Chrome, Edge au Firefox, mwenye oda huenda ni wewe. Tabu 30 zilizo wazi, video iliyosahaulika, au kiongezi ulichokiweka mwaka juzi. Ukiwa ndani ya Chrome, bonyeza Shift na Esc, utaona ni tabu gani hasa inayokula. Ifunge. Viongezi usivyovitumia viondoe kabisa.

Ukiona "Antimalware Service Executable", huyo ni mlinzi wa Windows yuko kwenye zamu, anakagua mafaili. Usimfukuze. Iache laptopu ikiwa imewashwa na imechomekwa kwenye chaja, amalize.

Ukiona "Windows Modules Installer Worker" au "Windows Update", ni masasisho. Stima ikikatika katikati ya kazi hiyo, masasisho huweza kuanza upya na kuonekana hayaishi. Chagua "Restart", si "Shut down". Kwenye Windows 10 na 11, mara nyingi "Shut down" haifungi kila kitu, huhifadhi sehemu ya mfumo ili iwake haraka kesho. "Restart" ndiyo inayoanza upya kweli.

Ukiona "System interrupts" iko juu kwa muda mrefu, chomoa vifaa vyote vya USB kimoja kimoja. Huenda printa au kipanya kibovu ndicho kinachosumbua.

Na ukiingia kwenye "Details" ukakuta "System Idle Process" ina 95, usishtuke. Hiyo ni asilimia ya mapumziko. Mpishi amekaa.

Jina usilolijua lisikutie hofu mara moja. Libofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague "Open file location", uone linaishi wapi. Kwa mfano, svchost.exe halisi hukaa ndani ya folda ya C:\Windows\System32. Ukimkuta mwenye jina hilo hilo anaishi ndani ya "AppData" au "Temp", huyo amevaa sare isiyo yake.

Hatua ya 3: Joto, vumbi na hewa ya chumvi

Pwani yetu ni nzuri kwa wageni, lakini si rafiki wa laptopu. Hewa ina unyevu na chumvi, upepo unaleta mchanga mwembamba, na duka la mabati saa nane mchana linajulikana. Vumbi likiziba njia ya hewa, prosesa inapata moto. Ikizidi moto, inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Sasa kazi ile ile ndogo inakuwa mzigo mkubwa, na asilimia inapanda.

Namna ya kujua: kwenye Task Manager nenda "Performance", kisha "CPU". Linganisha "Speed" na "Base speed" wakati laptopu ina kazi. Ikiwa kasi ya msingi ni 2.4 GHz lakini yako imekwama kwenye 0.8 huku asilimia iko juu, shuku joto. Shuku pia chaja: baadhi ya laptopu hujipunguzia kasi zikichomekwa chaja dhaifu au isiyotambulika.

Dawa yake ni ya bei nafuu. Usiiweke laptopu juu ya kitanda, leso au mto, iweke juu ya meza ili ipumue. Mpe fundi aifungue, asafishe feni na abadilishe ile dawa ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa kama imekauka. Ukipuliza mwenyewe, izime kwanza, na uizuie feni isizunguke kwa kasi ya upepo. Na ikiwa unakaa karibu na bahari, kuanzia Diani, Gazi hadi Msambweni, usiipepete hewa ya ufuoni kutwa nzima. Chumvi hula chuma taratibu.

Hatua ya 4: Mwizi wa nguvu

Umepita hatua tatu na bado? Sasa turudi kwa shangazi.

Sisi watu wa Kwale hatuhitaji kufundishwa uchimbaji. Kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga wa madini hapa kwetu kwa zaidi ya miaka 10 hadi Desemba 2024, na sote tumesikia habari za leseni, fidia na mrabaha. Basi kuna uchimbaji mwingine unaofanyika ndani ya kompyuta. Sarafu za kidijitali kama Monero hupatikana kwa kufanya hesabu nyingi sana, na prosesa ya kawaida inaweza kuzifanya. Mwenye tamaa haoni sababu ya kununua mashine na stima yake. Anatia programu ndogo kwenye laptopu yako, inachimba usiku na mchana, sarafu zinakwenda kwake. Wewe hupati leseni, fidia wala mrabaha.

Jambo hili si geni. Mwaka 2017 ilianzishwa huduma iliyoitwa Coinhive, iliyowezesha tovuti kutumia prosesa za wageni wake kuchimba Monero. Ilifungwa Machi 2019, lakini biashara ya wizi wa aina hii haikufungwa nayo.

Gharama yake unailipa wewe. Tuseme prosesa inatumia wati 20 zaidi ya kawaida, saa 12 kwa siku. Hiyo ni wati-saa 240 kwa siku, na kwa siku 30 ni uniti 7.2 za stima. Piga hesabu kwa bei ya tokeni zako. Ongeza feni inayochakaa na betri inayopikika.

Dalili zake ni hizi:

Asilimia inashuka pindi tu ukifungua Task Manager, kisha feni inaanza tena ukiifunga. Baadhi ya programu hizi zimetengenezwa zijifiche zikiona zinatazamwa.

Kuna jina linalofanana na la Windows lakini linaishi folda nyingine.

Antivirusi imezimwa na haikubali kuwashwa.

Kwenye "Windows Security", ndani ya "Virus & threat protection", chini ya "Manage settings", kuna sehemu iitwayo "Exclusions". Hiyo ni orodha ya mahali ambapo mlinzi ameambiwa asikague. Ukikuta kitu ambacho hukukiweka wewe, jiulize nani alikiweka.

Kwa shangazi tulikuta dalili tatu kati ya hizo. Kwenye "Exclusions" palikuwa pameandikwa C:\, yaani diski nzima. Ni sawa na kumwajiri askari wa usiku kisha ukamwambia asiangalie nyumba.

Iliingiaje? Miezi kadhaa nyuma aliwekewa Office ya bure, ile iliyovunjwa kufuli. Maelekezo ya programu za namna hiyo karibu kila mara huanza na sentensi moja: zima antivirusi kwanza. Ukiizima, mlango umeufungua mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mbona kampuni ya malipo inakueleza haya?

Kwa sababu anayeweza kuingiza mchimbaji anaweza kuingiza na mwizi wa manenosiri kupitia mlango huo huo. Mchimbaji anakula stima. Huyu wa pili anasoma manenosiri uliyoyahifadhi kwenye brauza, ya baruapepe, ya benki, na ya ukurasa wa till yako. Yeye hapigi kelele, feni hainguruми kwa ajili yake. Kwa hivyo ukimsikia yule mwenye kelele, chukulia kwamba hayuko peke yake mpaka uhakikishe.

Hatua ya 5: Ukishuku, fuata mpangilio huu

Kwanza, zima Wi-Fi au hotspoti. Usiishie kubofya "End task", maana programu hizi hujipangia kurudi laptopu ikiwashwa.

Pili, usiingie kwenye baruapepe, benki wala ukurasa wa till kwa kutumia laptopu hiyo. Tumia simu yako.

Tatu, kwa simu, badilisha nenosiri la baruapepe kabla ya mengine yote. Kiungo cha kubadilisha nenosiri la huduma nyingine huja huko, kwa hivyo mwenye baruapepe yako ana funguo zako zote. Tazama orodha ya vifaa vilivyoingia, utoe usivyovijua, uweke uthibitisho wa hatua mbili. Kisha ndiyo ubadilishe la till na la benki.

Nne, PIN. PIN yako ya pesa huandikwa kwenye simu tu. Hakuna ukurasa halali wa laptopu unaopaswa kukuuliza PIN hiyo. Ikiwa uliwahi kuiandika huko, au umeihifadhi kwenye faili la Excel lenye jina "siri", ibadilishe leo, si kesho.

Tano, kagua. Washa intaneti kwa muda mfupi tu, ufungue "Windows Security", uchukue masasisho ya ulinzi, kisha uende "Scan options" na uchague "Microsoft Defender Antivirus (offline scan)". Hifadhi kazi zako kwanza, maana laptopu itajizima na kuwaka. Ukaguzi huchukua kama dakika 15 na hufanyika kabla Windows haijaamka, kwa hivyo mwizi hapati nafasi ya kujificha.

Sita, ikiwa dalili zinarudi, nakili hati zako muhimu tu kwenye diski ya nje, si programu, halafu ufanye "Reset this PC" kwa kuchagua "Remove everything". Ni kazi ya jioni moja, lakini utalala usingizi.

Saba, pitia taarifa ya till yako mstari kwa mstari. Ukiona muamala usioutambua, tupigie kwa namba iliyo ndani ya programu yetu ya simu, si namba uliyoiokota kwenye matokeo ya utafutaji. Kuingilia kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018, kwa hivyo una haki ya kuripoti polisi.

Ukimpelekea fundi, mwachie laptopu, usimwachie simu. Na namba ya siri ya mara moja inayokuja kwa ujumbe, usimsomee mtu yeyote, hata akisema ni sisi.

Usirudie kule kule

Kama unahitaji kuandika hesabu tu, LibreOffice ni ya bure kihalali, na Google Sheets pia unaweza kuitumia bila malipo. Huna haja ya kuvunja kufuli la mtu.

Ikiwa bado unatumia Windows 10, fahamu kwamba Microsoft ilisitisha masasisho yake ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna mpango wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani hadi Oktoba 2026, lakini hiyo ni nafasi ya kujipanga tu. Na ukinunua laptopu ya mtumba, muulize muuzaji swali moja kabla ya bei: inakubali Windows 11? Nyingi zenye prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha 8 hazikubaliki rasmi.

Mwisho wa kisa

Kwenye baruapepe ya shangazi tulikuta kifaa kimoja ambacho si chake wala cha watoto wake. Tukakitoa, tukabadilisha kila nenosiri kwa simu, kisha tukaisafisha laptopu yote. Usiku ule alikaa na daftari lake na taarifa ya till, mimi nikisoma, yeye akitia alama. Tulimaliza saa tano. Hakuna shilingi iliyopotea. Laptopu ile ile iliyoambiwa imezeeka sasa inakaa asilimia 4 ikiwa haina kazi, na RAM hatukuongeza.

Alichoniambia akifunga duka ni hiki: "Kumbe nilikuwa nalipia stima ya mtu nisiyemjua."

Zoezi lako la leo ni dogo. Jioni, kabla ya kufungua hesabu, iwashe laptopu, iache dakika 15, usikilize feni. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc, uandike asilimia unayoiona kwenye daftari la duka. Fanya hivyo kila mwisho wa mwezi pamoja na hesabu zako. Siku namba hiyo itakapopanda bila sababu, utajua pa kuanzia.

Ukikwama, tuandikie kupitia sehemu ya msaada kwenye programu yetu. Biashara njema, na PIN yako ibaki yako.